Chama cha Kiliberali kwa Nchi ya Kubuni: Kiunzi cha Uingereza, Kanada, Ujerumani au Afrika Kusini?

Mwandishi wa riwaya, mtunzi wa mchezo wa siasa au mwalimu wa uraia anayewaandalia wanafunzi bunge la mfano, anapofika mahali pa kuipa nchi yake ya kubuni chama cha kiliberali, aghalabu huanza na itikadi: uhuru wa mtu binafsi, utawala wa sheria, uhuru wa magazeti, biashara isiyofungwa mikono. Orodha hiyo haina kosa, lakini karibu kila chama cha kiliberali duniani kinaitamka, na kwa hiyo haiwezi peke yake kuzaa historia. Waliberali wa Uingereza, Kanada, Ujerumani na Afrika Kusini wamehubiri mambo yanayokaribiana sana. Hata hivyo, wa kwanza waliporomoka kutoka madarakani hadi ukingoni mwa bunge, wa pili walitawala sehemu kubwa ya karne ya 20, wa tatu walizoea kuamua nani awe kansela bila wao wenyewe kumtoa kansela hata mmoja, na wa nne walilazimika kuchagua kati ya kukivunja chama na kuwafukuza wanachama wao weusi.

Ulinganisho huu unakusudia kumsaidia anayebuni achague kiunzi kimoja kati ya hivyo vinne, au ajue vipi vinaweza kuchanganywa. Upande ninaouegemea nautaja mapema: kabla ya kuandika ilani ya chama chako, amua kura zitageuzwaje kuwa viti, kisha amua ni swali gani wanachama wako hawataweza kulijibu kwa sauti moja.

Kuhusu kura na viti, tarakimu zinatosha kueleza. Mwaka 1983 nchini Uingereza, muungano wa chama cha Liberal na chama kichanga cha Social Democratic ulipata asilimia 25.4 ya kura, ukaambulia viti 23 kati ya 650, ilhali Labour, chama cha wafanyakazi kilichouzidi kwa asilimia 2 na ushei tu, kilipata viti 209. Mwaka 2013 nchini Ujerumani, chama cha kiliberali cha FDP (Free Democratic Party) kilipata asilimia 4.8 kikatoka bungeni bila kiti hata kimoja, kwa sababu sheria inadai angalau asilimia 5. Mwaka 1994 nchini Afrika Kusini, chama cha kiliberali cha Democratic Party kilipata asilimia 1.7, yaani chini ya nusu ya hiyo ya FDP, na bado kikaingiza wabunge 7 katika bunge la watu 400, kwani mfumo wa uwiano wa nchi hiyo haukuweka kizingiti cha namna hiyo. Ukimpa msomaji wako chama chenye robo ya kura bila kumwambia mfumo wa uchaguzi, hujamwambia kama chama hicho ni kikubwa au ni kidogo.

Katika mfumo wa Uingereza na Kanada, kila jimbo lina mbunge mmoja na mwenye kura nyingi ndiye mshindi, hata kama wengi wamemkataa. Chama ambacho kura zake zimetawanyika sawasawa nchi nzima huwa cha pili au cha tatu kila mahali na kurudi nyumbani mikono mitupu. Chama kinachojikusanya mahali pachache huvuna kupita uwezo wake. Mwaka 2024 Liberal Democrats wa Uingereza, warithi wa chama cha Liberal, walipata viti 72 kwa asilimia 12.2 ya kura, wakati chama cha Reform UK, chenye asilimia 14.3, kilipata viti 5. Anayechukua kiunzi cha Uingereza anapaswa kuchora ramani ya majimbo kabla ya kuchora bendera ya chama.

Kiunzi hicho cha Uingereza ndicho chenye simulizi refu kuliko vyote, na kwa maoni yangu ndicho kinachomfaa anayetaka hadithi ya vizazi vitatu au vinne. Tarehe 6 Juni 1859, katika ukumbi wa Willis's Rooms jijini London, walikutana watu ambao hawakupendana sana: wanasiasa wa mrengo wa Whig wa ukoo bora, wafuasi wa marehemu Robert Peel waliokihama chama cha Wahafidhina kwa ajili ya biashara huria, na wanamageuzi wa miji ya viwanda. Kilichowaleta pamoja ni nia ya kuiangusha serikali ya Wahafidhina ya Lord Derby. Chama kilichozaliwa hapo kilimtoa William Gladstone, aliyekuwa waziri mkuu mara nne, na Gladstone huyohuyo ndiye aliyeleta swali lisilojibika. Alipopendekeza mwaka 1886 kwamba Ireland ipewe bunge lake, wabunge 93 wa chama chake walipiga kura ya kumpinga. Joseph Chamberlain aliondoka pamoja na Lord Hartington, na wafuasi wao baadaye wakaishia kuungana na Wahafidhina.

Ushindi mkubwa wa 1906 uliwapa Waliberali karibu viti 400, na kipindi kilichofuata ndicho chenye utajiri zaidi kwa mbunifu. Kuanzia tarehe 1 Januari 1909, mzee maskini aliyefikisha miaka 70 alikwenda posta kuchukua pensheni ya hadi shilingi 5 kwa wiki, fedha ambazo hakuziomba kwa bwana wala kanisani. Bajeti ya David Lloyd George ya mwaka huohuo, iliyowatoza kodi wenye ardhi na mali nyingi, ilikataliwa na Baraza la Malodi, yaani baraza la juu la bunge. Nchi ikaingia katika uchaguzi mara mbili ndani ya 1910, na sheria ya 1911 ikawapunguzia malodi mamlaka ya kuzuia miswada. Wakati huohuo Waliberali walikuwa wakimlea atakayewarithi. Kwa makubaliano ya siri ya 1903 waliwaachia Labour baadhi ya majimbo bila kuwawekea mpinzani, hata Labour wakapata viti 29 mwaka 1906. Mwaka 1911 serikali ya Kiliberali ikaanzisha mshahara wa wabunge wa pauni 400 kwa mwaka, jambo lililomwezesha mfanyakazi asiye na mali kukaa bungeni bila njaa. Mbunifu hodari asiuache mkasa huu: yale mema waliyoyatenda yaliwajengea wapinzani wao ngazi.

Kilichowamaliza kilikuwa vita pamoja na ugomvi wa wakubwa wawili. Desemba 1916 Lloyd George alichukua nafasi ya Herbert Asquith akitegemea kura za Wahafidhina, na katika uchaguzi wa 1918 wagombea waliokubaliwa na serikali ya mseto walipewa barua yenye saini mbili, ya Lloyd George na ya kiongozi wa Wahafidhina Andrew Bonar Law. Asquith aliibeza barua hiyo kwa kuiita kuponi, kama ile ya mgao wa chakula wakati wa vita. Mliberali mwenye kuponi alipita kwa urahisi, na asiyekuwa nayo alihesabiwa kuwa mpinzani wa serikali iliyoshinda vita, hata Asquith mwenyewe akapoteza jimbo lake la East Fife. Karatasi moja iligawa chama kizima sehemu mbili, jimbo kwa jimbo. Ilipofika 1924 vilibaki viti 40, na mwaka 1951 chama kilichowahi kuitawala dola kubwa kilisimamisha wagombea 109 tu katika majimbo 625 na kushinda 6.

Miaka ya jangwani haistahili kurukwa. Ushindi wa uchaguzi mdogo wa Orpington mwaka 1962, pembezoni mwa London, uliwaonyesha kwamba tabaka la kati la vitongojini linaweza kuwachagua, na kuanzia miaka ya 1970 wakashikilia siasa za mtaani: vipeperushi vya kurasa chache kuhusu taa ya barabarani iliyoungua na njia ya miguu iliyopasuka, vikiingizwa nyumba kwa nyumba mwaka mzima. Viti vya madiwani vilikuja kwanza, vya ubunge vikafuata. Mwaka 2010 walikuwa na wabunge 57, wakaingia katika serikali ya mseto na Wahafidhina, na karibu nusu ya wabunge waliokuwa wameahidi kwa saini kutoongeza ada za vyuo vikuu waliunga mkono ada kupanda hadi pauni 9,000. Mwaka 2015 walirudi wabunge 8.

Kanada, yenye mfumo uleule wa kuhesabu kura, ilizaa kinyume chake, na hapo ndipo ulinganisho unapokuwa na faida kubwa kwa anayetaka kuchagua. Chama cha Liberal cha huko hakikubanwa katikati ya mabepari na wafanyakazi. Kilijiweka katikati ya Wakanada wa Kiingereza na wa Kifaransa, na katikati hiyo ilikuwa na wapiga kura wengi. Wilfrid Laurier, Mkatoliki wa Quebec, alikuwa waziri mkuu kuanzia 1896 hadi 1911. Swali lake lisilojibika lilikuwa la kuwaandikisha vijana jeshini kwa lazima: mwaka 1917 Waliberali wengi wa Kiingereza walimwacha na kujiunga na serikali ya vita, naye akabaki na viti 82, ambavyo 62 kati yake vilitoka Quebec. Chama cha Uingereza kilichopasuka namna hiyo hakikupona. Cha Kanada kilipona, kwa sababu mwaka 1919, baada ya Laurier kufariki, kiliitisha mkutano mkuu wa kuchagua kiongozi, kikamteua William Lyon Mackenzie King, mtu mwenye subira isiyo ya kawaida, naye akakaa madarakani kwa jumla ya miaka zaidi ya 21. Swali lilelile lilipomrudia katika vita ya pili, alisema kwamba uandikishaji wa lazima si lazima uwepo, ila utakuwepo ikilazimu. Wapinzani walimcheka, lakini chama hakikupasuka.

Kiunzi cha Kanada kinafaa pale unapotaka chama kinachotawala muda mrefu kwa kuazima mawazo ya wengine. Bima ya afya ya taifa ya 1966 ilipitishwa na serikali ya Lester Pearson isiyokuwa na wingi bungeni, lakini mfano wake ulikuwa umetangulia katika jimbo la Saskatchewan, chini ya serikali ya kijamaa. Kwa Waafrika Mashariki yapo pia ya kukumbukwa: mwaka 1972, serikali ya Pierre Trudeau iliwapokea maelfu ya Waasia waliofukuzwa Uganda na Idi Amin. Udhaifu wa kiunzi hiki ni kwamba chama kinachokaa katikati kwa muda mrefu huanza kufanana na ofisi ya serikali, na mwandishi asipokuwa mwangalifu atajikuta na wahusika wasioamini chochote. Dawa ipo katika historia yenyewe. Mwaka 2011 chama kilishuka hadi viti 34 na nafasi ya tatu, miaka minne baadaye kikapata 184, na mwaka 2025, kikiwa kimeshaandaliwa sanda na watabiri, kikashinda tena chini ya Mark Carney.

Kuhusu Ujerumani nitasema kwa ufupi, kwa kuwa uzuri wa kiunzi chake uko mahali pamoja. FDP kilianzishwa Desemba 1948 mjini Heppenheim, kikamtoa Theodor Heuss, rais wa kwanza wa shirikisho, na kati ya 1949 na 1998 kilikaa serikalini kwa takriban miaka 40, huku mara nyingi kikiwa na chini ya asilimia 10 ya kura. Mpiga kura wa Ujerumani ana kura mbili, moja ya mbunge wa jimbo na nyingine ya orodha ya chama, na wafuasi wa vyama vikubwa walizoea kukiazima FDP kura ya pili ili mshirika wao asianguke chini ya asilimia 5. Chama cha namna hiyo kina silaha moja tu, nayo ni kubadili upande. Mwaka 1969 kilimwezesha Willy Brandt kuwa kansela, na tarehe 1 Oktoba 1982 kikamwangusha Helmut Schmidt bungeni na kumweka Helmut Kohl, bila uchaguzi. Siku hiyohiyo mbunge wake Hildegard Hamm-Brücher alisimama kuupinga uamuzi wa chama chake, kwa hoja kwamba wapiga kura hawakuulizwa. Kama hadithi yako inachukua wiki mbili za mazungumzo ya faragha na mtu mmoja mwenye dhamiri iliyomkaba koo, usitafute kiunzi kingine. Kumbuka tu kwamba silaha hiyo huweza kumrudia mwenyewe: Novemba 2024 kansela Olaf Scholz alimfukuza waziri wa fedha Christian Lindner, kiongozi wa FDP, mseto ukavunjika, na Februari 2025 chama kilipata asilimia 4.3 na kutoka bungeni kwa mara ya pili.

Afrika Kusini ni habari nyingine kabisa, na ndiko ambako nchi nyingi za kubuni zingepaswa kutazama, kwa sababu watunzi wengi hupenda tawala za kidhalimu lakini huwapa wapinzani wa kiliberali ushujaa rahisi mno. Chama cha Liberal kilianzishwa 1953 kikiwa wazi kwa watu wa rangi zote, rais wake wa kwanza akiwa Margaret Ballinger, mbunge aliyewakilisha wapiga kura Waafrika wa Cape Mashariki hadi uwakilishi huo ulipofutwa. Kwanza kilidai haki ya kura kwa wenye elimu au mali, kisha kikafika kwenye kura kwa kila mtu mzima. Chama cha Progressive kilichoanzishwa 1959 na wabunge waliokihama United Party, chama kikuu cha upinzani, kilibaki na sharti la elimu na mali kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 1968 serikali ilipiga marufuku vyama vya rangi mchanganyiko. Liberal kiliamua kujivunja kuliko kuwatoa wanachama wake weusi, ilhali Progressive kiliamua kuendelea kama chama cha weupe ili sauti yake isizimwe bungeni. Nani alikuwa sahihi? Waliohusika walibishana juu ya jambo hilo kwa miaka mingi, na hadithi inayowapa pande zote mbili hoja nzito itakuwa na nguvu kuliko inayomtangaza mshindi.

Matunda ya uamuzi wa pili yanaweza kupimwa kwa mtu mmoja. Helen Suzman, mbunge wa Houghton, alikuwa peke yake kwa chama chake kuanzia 1961 hadi 1974. Mwaka 1963, serikali ilipoleta sheria ya kumweka mtu kizuizini siku 90 bila mashtaka, hata upinzani rasmi ulivuka kwenda upande wa serikali wakati wa kuhesabu kura, naye akabaki peke yake kwenye viti vya upande wa pili wa ukumbi. Alifanya kazi kwa maswali: wangapi wamekamatwa, wangapi wamefia mikononi mwa polisi, wangapi wamehamishwa kwa nguvu. Majibu ya mawaziri yaliingia katika kumbukumbu rasmi za bunge na kutoka hapo yakafika magazetini. Waziri mmoja alipomlaumu kwamba maswali yake yanaiaibisha nchi ughaibuni, alijibu kwamba kinachoaibisha si maswali yake bali ni majibu yao. Mwaka 1967 alifika Robben Island na kuzungumza na Nelson Mandela kuhusu hali ya wafungwa. Yote hayo yalitegemea kiti kilichopatikana kwa kura za weupe peke yao katika kitongoji cha matajiri, na ukweli huo haupaswi kufichwa na yeyote anayeazima kiunzi hiki.

Sasa kuhusu kuchanganya. Swali la mpasuko unaweza kulihamisha kutoka nchi moja hadi nyingine bila shida, kwani Ireland, uandikishaji jeshini na haki ya kura ni aina tatu za swali moja, la nani anahesabiwa kuwa sehemu ya taifa. Mfumo wa kura hauhamishiki kirahisi hivyo. Chama kinachobadili upande kama FDP, ukikipanda katika majimbo ya mshindi mmoja, kitaadhibiwa kama Liberal Democrats walivyoadhibiwa 2015, na utawala mrefu wa Kanada ni mgumu kuaminika chini ya mfumo wa uwiano, ambako asilimia 35 ya kura haimpi mtu serikali ya peke yake. Nikilazimishwa kumshauri anayeanza, ambaye hajui hadithi yake itafika wapi, ningempa majimbo ya Uingereza na swali la Kanada, kwa sababu viwili hivyo vinaacha mlango wazi wa kuanguka na wa kuinuka. Anayejua tayari kwamba nchi yake ni ya kidhalimu asihangaike, achukue Afrika Kusini.

Kuhusu sura ya mpasuko wenyewe, msomaji wa Tanzania hahitaji kusafiri. CUF, chama kilichojiunga na jumuiya ya kimataifa ya vyama vya kiliberali, kilizaliwa 1992 kwa kuunganisha KAMAHURU ya Zanzibar na Chama cha Wananchi cha Bara, na mshono huo ndio ulioachia. Machi 2019, baada ya mahakama kuamua mgogoro wa uongozi kwa faida ya Profesa Ibrahim Lipumba, Maalim Seif Sharif Hamad na wafuasi wake walihamia ACT-Wazalendo kwa kaulimbiu ya kushusha tanga na kupandisha tanga, na matawi ya Zanzibar yakapakwa rangi mpya upesi sana. Kaulimbiu ya kuhama na ndoo ya rangi havimo katika ilani yoyote, lakini hadithi isiyo navyo itaonekana ya kusomwa darasani.

Lipo pia suala la jina, ambalo watunzi wengi hulisahau. Chama cha Kanada na cha Ujerumani vimebaki na majina yao. Ukoo wa Progressive wa Afrika Kusini umepitia Progressive Reform Party, Progressive Federal Party na Democratic Party hadi kufika Democratic Alliance mwaka 2000, ambacho mwaka 2024 kilipata viti 87 na kuingia katika serikali ya umoja wa kitaifa. Huko Uingereza, Waliberali walipoungana na Social Democratic mwaka 1988, baadhi yao walikataa, wakakianzisha upya chama cha Liberal mwaka 1989 chini ya Michael Meadowcroft, aliyekuwa mbunge wa Leeds. Chama hicho kidogo hakijapata mbunge, lakini kilipata madiwani. Katika nchi yako ya kubuni kipe ofisi ya chumba kimoja, mweka hazina mzee na madai ya kuwa ndicho chama halisi cha 1859, kisha kiache kisimamishe mgombea katika jimbo ambalo chama kikubwa kinahitaji kila kura.